Sauti ya Baba Kwenye Kanda

2 Machi

Mama mpenzi,

Shikamoo. Goti limepoa? Mimi mzima, ila baridi ya huku haina adabu.

Nimesikia jumba la makumbusho la mjini kwetu litafungwa. Uliniambia waliwahi kumrekodi Baba na mafundi wenzake wa kiwanda cha nguo. Alifariki sijaota hata meno. Sijawahi kumsikia hata akikohoa. Niombee nakala, Mama.

Mwanao, kitinda mimba

11 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Goti ni lilelile, linanitangulia kulalamika.

Nilikwenda. Mhifadhi, mama mmoja mwenye miwani, akasema, "Kanda ni za watafiti. Lete barua ya chuo." Nikamwambia, "Mimi nimemtafiti mume wangu tangu ujana wangu, na nguo zake nikazifua." Akacheka, ila mlango haukufunguka.

Jumanne nikajipanga mstarini na watoto wa shule waliokuja kujifunza historia. Mwalimu akadhani mimi ni bibi wa mmoja wao. Tulipofika kwenye mtambo wa kufumia uliotoka kiwandani kwa baba yako, mhifadhi akaniona nimeushika, machozi yananitoka. Akaniahidi kuitafuta kanda stoo. Vuta subira.

Mama yako

29 Mei

Kitinda mimba wangu,

U hali gani? Sisi tunapumua.

Nimechelewa kwa sababu mkono ulikataa kuandika. Paa la stoo lilivuja, makasha yakalowa. Kanda ya baba yako ilikuwa na ukungu kama mkate uliosahauliwa. Mhifadhi akaipangusa kwa pamba, akaiweka kwenye mashine. Muulizaji akasikika wazi kabisa: "Fundi, una watoto wangapi?" Kisha mchakacho mtupu. Tukarudisha nyuma. "Fundi, una watoto wangapi?" Mchakacho. Tukarudisha tena, utepe ukakatika.

Mhifadhi alilia kunishinda.

Mama yako

20 Juni

Mama,

Shikamoo, na pole. Basi niambie wewe: sauti yake ilikuwaje? Alichekaje?

Mwanao

3 Septemba

Mwanangu,

Marahaba. Usidhani nilikususa.

Makumbusho wamefunga. Mtambo ulipakiwa kwenye lori. Hata mhifadhi hajui ulikopelekwa.

Utotoni nilikuambia sauti yake ilikuwa nzito. Nadhani hilo nililisikia kwa waombolezaji. Maneno yake ninayo: "Zima taa, mke wangu, tulale." Sauti ndiyo haimo. Jana nilifunga mlango, nikajaribu kuyasema kama yeye. Ikatoka yangu.

Usiniulize tena, mwanangu.

Mama yako