Wanamjengea Sajini Mnara Juu ya Mtaro Wake

Mshauri wa gazeti letu,

Mimi tangu nizaliwe sijawahi kuomba ushauri kwa mtu yeyote, si kwa daktari, si kwa mke wangu, si kwa wakubwa wangu jeshini. Haya, usicheke, ni uongo, maana mwaka jana nilikuandikia kuhusu jogoo wangu aliyekuwa akimkera jirani kila alfajiri, ukaniambia nimpe huyohuyo jirani jogoo, ugomvi uishe, nikampa, na sasa jirani ananenepa, jogoo ananenepa gizani chini ya tenga asiwike, mimi nalala mpaka jua linanichoma mguu. Jogoo tutamrudia. Leo nina hasira mpaka kalamu inatoboa karatasi.

Tumefiwa na mtu tuliyemwita Sajini. Nilikuwa naye jeshini, kikosi cha kuchimba, maana vita si bunduki tu, kuna watu wanaochimba mahandaki na kutandika madaraja ili wenye bunduki wapite wakijidai, na tuliporudi uraiani mimi nilikuja na utani wangu, yeye akaja na buti, filimbi na chuki yake na maji, kwa sababu mtaa wetu uko kwenye mteremko na mvua ya kwanza tu akakuta godoro la mtu linashuka barabarani kama linawahi kazini. Akaanza kuchimba mtaro peke yake, watu wakimcheka, mimi nikiongoza, nikamuuliza kama anatafuta adui aliyejificha chini, akazidi kuchimba, na mvua iliyofuata nyumba zikabaki kavu na vicheko vikakauka pamoja nazo. Tukamfanya kiongozi wa mtaa. Kila Jumamosi jua halijatoka alipuliza filimbi, tukatoka na majembe na beleshi kuzoa takataka mtaroni, na asiyetoka alipuliziwa dirishani kwake mpaka watoto waamke wakilia. Usidanganywe na sifa za msibani, hakuwa mtamu yule. Alikuwa mkali, hana dogo, na akicheka ilikuwa kama mlango usiotiwa mafuta. Lakini hakuna aliyelala tena na maji kitandani.

Sasa sikia wanavyomuenzi! Mwenyekiti mpya na kamati yake wanamjengea mnara wa kumbukumbu, wenye vigae na taa, na wameamua ukae wapi? Kwenye kona ya chini, mtaroni, JUU ya mtaro wake mwenyewe, eti hapo ndipo unapoonekana vizuri kutoka barabara kuu, wageni wasichafue viatu. Kokoto zimeshamwagwa ndani. Nikasimama mkutanini.

"Mwenyekiti, hapo ndipo maji yanapotokea nje ya mtaa. Mkiziba, yatapita wapi?"

"Mzee, maji yana akili. Yatatafuta njia."

"Yakitafuta njia yatakuta mlango wa mjane."

Watu wakacheka! Wallahi wakacheka, wengine wakapiga makofi. Mwenyekiti naye akafuta machozi ya kicheko akasema, "Mnamwona mzee wetu? Hata msibani hakosi kichekesho. Ndiyo maana tumemchagua yeye atoe hotuba." Akanipa hotuba imeshaandikwa, inasema marehemu alikuwa simba aliyenguruma mbele ya adui. Simba! Mtu aliyekuwa na matope mpaka ndani ya masikio!

Nikaenda kwa shemeji, yaani mjane wake, ambaye nyumba yake iko pale pale chini ya kona. Kabla sijafungua mdomo akanionyesha gauni aliloshonesha kwa siku hiyo.

"Shemeji, nakujua wewe. Usiniharibie. Nimefua suruali za matope za yule mtu mpaka kucha zikalainika. Wacha na mimi nikae kiti cha mbele siku moja."

Nikala kiapo cha kunyamaza, nikanywa chai yake, nikaondoka. Sasa nikisema ninamvunja moyo, nikinyamaza mvua itaanza na kitanda chake. Nifanyeje?

Mimi, Mzee wa Utani


JIBU LA MSHAURI

Mzee wangu, pole kwa msiba. Una haki ya kukasirika. Kumuenzi mtu kwa kuziba kazi ya mikono yake ni kumzika mara ya pili, na safari hii bila hata kulia. Hapo niko upande wako.

Lakini na wewe nikuseme kidogo. Miaka yote umewafundisha watu kukucheka, leo unashangaa kwamba wamehitimu? Umeuliza swali la maana kwa sauti ileile unayotumia kutania wapita njia. Wangejuaje?

Tena kuna jambo umelificha. Umeniandikia mtaro wote, filimbi yote, lakini hukuniambia nani anapuliza tangu Sajini afariki. Nikisoma vizuri, hakuna. Kokoto za Mwenyekiti ziko kwenye kona moja tu. Huko juu kote, ni nani amekukataza kushika beleshi? Mlikaa mnangoja kamati imkumbuke rafiki yako. Wewe umemkumbuka kwa kitu gani, kwa chai?

Basi fanya hivi. Hotuba ile irudishe leo, mwambie Mwenyekiti kwamba simba wake humjui. Shemeji yako usimhubirie, ameshasikia maneno ya kutosha. Azima kwake ndoo ya maji, mwombe atoke na wewe mpaka kona, uimwage mtaroni, na ufunge mdomo, najua itakuuma. Aone kwa macho yake. Yeye ndiye mwenye marehemu, akisema mnara usogezwe hakuna wa kumcheka. Na kiti chake cha mbele kibaki palepale, tusimnyime.

Ukimaliza, ndoo ukairudishe kwake imejaa.


BARUA YA PILI, KUTOKA KWA MZEE YULEYULE

Mshauri,

Una ulimi mbaya wewe, lakini nilifanya.

Nilimwaga maji. Yakateremka vizuri, yakafika kwenye kokoto, yakasimama kidogo kama mgeni asiyeijua nyumba, kisha yakageuka kulia moja kwa moja mpaka kwa shemeji, yakalowesha kandambili zake miguuni. Sikusema kitu. Iliniuma, kama ulivyosema. Yeye akatazama miguu yake, akatazama mlango, akaingia ndani, akatoka na filimbi.

"Puliza," akaniambia. "Mimi sina pumzi."

Nikapuliza. Ilikuwa mchana kweupe na si Jumamosi, lakini watu wakatoka! Mazoea ni kitu kibaya. Wakatoka na majembe, mmoja na povu la sabuni kichwani, na Mwenyekiti mwenyewe akatokeza na beleshi mkononi kabla hajakumbuka kwamba yeye sasa ni mkubwa. Shemeji akasimama kwenye kokoto na kandambili zake zilizolowa akasema, "Mume wangu yuko humu. Mtoeni." Hakuna aliyecheka. Tulizoa kokoto mpaka jioni, na fundi amekubali kujenga mnara ng'ambo ya mtaro, mahali pakavu, japo wageni itabidi washuke wakanyage tope kidogo. Vizuri. Wakanyage.

Nilikaa ukingoni kupumzika, nikamwaga ndoo ya pili, nikasikia maji yanapita chini, nikageuka kumtania Sajini. Hayupo.

Filimbi imeachwa kwangu. Jumamosi ni mimi wa kupuliza, jua halijatoka, na hapo ndipo penye tatizo, kwa maana yule aliyekuwa akiniamsha ndiye tuliyemzika, na jogoo ulimgawa wewe. Una deni langu, mshauri. Jirani analisoma gazeti lako kuanzia kichwa mpaka matangazo ya vifo, mimi hanisikilizi. Mwandikie mistari miwili tu, hapahapa chini ya barua yangu, anirudishie jogoo wangu kabla ya Ijumaa jioni.