Koti la Njano na Kopo la Vifungo

Mwanangu mpenzi,

Salamu zangu zikukute umekaa, si umesimama unakunywa chai ya haraka kama kawaida yako. U hali gani, mama? Kifua kimepona? Ile sweta ya kijivu unaivaa au umeilaza tu sandukuni? Mimi sijambo, goti la kushoto ndilo lenye maneno, hasa nikikanyaga cherehani tangu asubuhi. Lakini naamka, nakula, nalala. Usianze kuhangaika. Wa kuhangaika katika familia hii ni mmoja, na nafasi hiyo imeshajaa.

Najua utashangaa kupata barua wakati juzi tu tumeongea kwa simu. Kwenye simu nasema nilichokusudia kunyamaza, na nilichokusudia kusema nakimeza. Halafu unaniambia mama nachelewa zamu, wagonjwa wananingoja, basi imekatika. Kwa hiyo nimeamua kuandika. Nilianza Jumatatu, leo Alhamisi. Unajua mimi niliishia darasa la nne, mkono unaenda pole. Na wewe soma pole, na tafadhali usiruke mbele.

Runinga uliyoniletea nisikae peke yangu niliiweka juu ya kabati la nguo za wateja, mkabala na cherehani, na miezi mitatu ya kwanza niliifunika shuka. Siku moja Mama Pacha, jirani yetu wa mlango wa pili, akaja kupima gauni. Akauliza pale juu kuna runinga au kuna maiti. Akaifunua, akabonyeza huku na huku, na hapo ndipo wakatokea wale watu wako. Wakorea! Wale wale uliokuwa ukiwatazama kwenye simu chini ya blanketi, mimi nikikupigia kelele kwamba unaharibu macho kwa ajili ya vijana wenye nywele mpaka kwenye kope. Nilikuwa nasema mapenzi gani hayo, sehemu kumi na mbili watu hawajashikana hata mikono. Mwanangu, naomba msamaha. Huu ni msamaha wa kwanza, na ndio mdogo.

Acha nikupe maoni yangu, maana huku sina wa kumpa zaidi ya Mama Pacha, na yeye hasikilizi. Kwanza, wanaanguka mno. Msichana akipita kwenye sakafu iliyopigwa deki lazima ateleze, na kijana lazima awe hapo hapo nyuma amdake. Kisha wanatazamana. Wanatazamana, mwanangu, mpaka mimi namaliza kupinda mkono mzima wa shati, nikiinua macho bado wanatazamana. Mama Pacha anasema mumewe alimdaka mara moja tu tangu waoane, na hata hiyo mara moja alikuwa anaokoa sufuria.

Halafu hiyo kazi yao sijaielewa. Kijana ni mkurugenzi wa kampuni ya ghorofa arobaini, lakini sijamwona akitia saini hata karatasi moja, kutwa yuko barabarani na mwavuli. Msichana eti maskini, amepanga chumba kimoja juu ya paa, lakini makoti! Nimehesabu makoti kumi na moja, na si ya kubahatisha: bitana ndani, kola imekaa, mabega yamesimama. Hapo ndipo mahali pangu, hawawezi kunidanganya. Maskini gani huyo, hata mikwaruzo kwenye kiwiko hana.

Lakini yapo yaliyonishika. Wanaume wao wanalia na hakuna anayewacheka. Mtu akimpenda mwenzake anamuuliza kama amekula. Anainama katikati ya watu kumfunga kamba za kiatu. Na yule kijana wa pili, yule mwema ambaye hachaguliwi, mimi nimeshamchagua katika kila tamthilia, ningekuwa na uwezo ningeolewa nao wote. Baada ya kutwa nzima ya wateja wanaoniambia kiuno hiki si chao, nataka kitu ninachojua kitaisha vizuri. Mama Pacha anasema huo ni uongo mtupu. Nikamwambia hata gauni la harusi ni uongo, mbona anakuja nimshonee.

Tatizo langu lilikuwa yale maandishi ya chini. Wao wanaongea lugha yao, na Kiswahili kinapita pale chini mbio kama kimeiba. Nikishika maneno matatu, yameshaondoka, yamekuja mengine. Mama Pacha akiwepo ananisomea kwa sauti. Alifanya kazi duka la dawa, mwandiko wa madaktari haukumshinda, sembuse huo. Asipokuwepo nasoma nyuso. Na nyuso, mwanangu, zimenipoteza sana. Yupo dada mmoja nilimchukia wiki mbili nikijua ni hawara, kumbe ni dada wa kijana, tumbo moja.

Sasa sikia ya koti la njano. Ndivyo tunavyoiita ile tamthilia, jina lake lenyewe refu. Msichana wa koti la njano anachora ramani za nyumba, kijana wake anaoka mikate. Msichana akapata kazi mji wa mbali. Mama yake ni mjane, ana kibanda cha supu, nywele amezibana na kibanio cha fedha. Watoto wa Mama Pacha walikuwa na tetekuwanga wakati ule, kwa hiyo nilitazama peke yangu, mchana, huku nashona sare za shule. Kila sehemu yule mama anaingia jikoni, anafunua pipa la mchele, anaingiza mkono mpaka kiwikoni, anautoa mtupu, anafunika, analia. Nikajua mchele umemwishia na mtoto hapigi simu. Nililia naye. Nilimwona ni mimi kabisa, kasoro kibanio. Mama Pacha alipomaliza kuuguza watoto wake nikamwambia kaa hapa, huyu mama ndiye mwenye tamthilia, watoto ni pambo tu.

Akakaa, akaanza kusoma. Yule mama alikuwa kwenye simu na binti yake, uso umejaa huruma, nami machozi yananilengalenga. Mama Pacha akasoma kwamba mama anasema, huyo kijana hajawahi kuja hapa kukuulizia, mwanangu, msahau. Kisha akaonyeshwa tena pipani, na safari hii mkono ukatoka na bahasha. Bahasha tano, sita, zote za yule mwoka mikate. Mama Pacha akaruka kutoka kwenye kiti. Akamwita mchawi mkubwa, akamuuliza pale pale kwenye kioo ni mama gani anayemfichia mtoto barua ndani ya mchele, akamwombea wali wake usiive mpaka anakufa. Alikuwa anacheka na kukasirika pamoja, unamjua.

Mimi sindano ilipita kwenye kidole gumba, ikatokea upande wa pili. Mama Pacha akazima runinga, akaleta kitambaa, akaniuliza imekuwaje nalia vile kwa sindano wakati zimenichoma miaka thelathini. Nikamwambia imegusa mfupa.

Mwanangu, ukae vizuri sasa.

Unamkumbuka yule kijana fundi wa vyerehani, uliyemwita Mafuta kwa sababu ya mikono yake. Mimi si mjinga kiasi ulichodhani. Nilijua cherehani yangu haikuwa inaharibika kila wiki. Nilikuona ukichuchumaa kulegeza ile skrubu ya chini kusudi aitwe. Nilinyamaza, nikawa nakanyaga pedali inayoyumba huku nawasikia mnacheka mlangoni. Alikuwa mpole, hana neno baya. Lakini nafasi yako ya chuo cha uuguzi ilipotoka, ukaanza kusema labda usubiri mwaka mmoja, labda uombe cha karibu. Nikaogopa. Nikakuona umekaa kwenye kiti hiki hiki nilichokaa mimi, unapinda mikono ya mashati ya watu, goti linauma. Sikukuambia hata kwamba naogopa.

Safari yako ilikuwa Ijumaa, ikasogezwa mapema ikawa Jumanne ya wiki ile ile. Simu yake ilikuwa imekufa wiki ile, na wewe ulikuwa unahangaika na vyeti, ukanituma nikamwambie. Nilifika mpaka mlangoni kwake. Alikuwa ndani, ameinamia cherehani ya mtu, ananipa mgongo. Nikapita. Nikanunua uzi duka la pembeni, nikarudi, nikakuambia nimemwambia, amesema ana kazi nyingi, atajitahidi. Siku ile ulikaa dirishani kwenye basi unatazama geti la stendi mpaka basi likakunja kona. Mimi nilikuwa napunga mkono na najua unatazama nini.

Ijumaa alikuja. Viatu amevipiga rangi, mikono ameisugua mpaka imekuwa myekundu. Nilimwambia umeshaondoka tangu Jumanne. Akauliza namba yako mpya. Nikamwambia umekataza mtu yeyote asipewe. Hakubisha. Akatoa bahasha mfukoni, akaniomba nikutumie. Nikasema sawa. Niliitia kwenye lile kopo kubwa la vifungo, chini kabisa, nikamwagia vifungo juu. Na wewe uliponipigia, ukawa unauliza habari za cherehani, inaendeleaje, inaharibika, nilijua unauliza nini. Nikakuambia hajaja hata kukuulizia. Maneno yale yale ya yule mama. Hakuna aliyenisomea, niliyatunga mwenyewe.

Miaka minne sijamwita. Cherehani iliharibika kweli kweli, inaruka mishono, nami nikawa nashonelea kwa mkono kuliko kumtazama usoni. Labda ningekufa hivyo hivyo. Lakini mwezi uliopita ulinipigia ukasema wamekupa mkataba mwingine wa miaka mitatu huko huko, na unasaini mwisho wa mwezi huu kwa sababu nyumbani hakuna anayekungoja zaidi yangu. Ulilisema kwa kucheka. Nilijibu vizuri eeh mwanangu, kisha nikakaa sakafuni.

Jumamosi nilikwenda kwake. Nilisema cherehani inaruka. Akachukua mkoba wake wa vyuma, akaja nyuma yangu bila kuuliza kwa nini siku zote hizo. Nilisubiri alale chini ya meza, miguu tu iko nje, ndipo nikaanza kuongea. Nimechoka kusoma nyuso, na uso wake hasa nisingeuweza. Nilimwambia yote, kuanzia uzi wa duka la pembeni. Bisibisi ilinyamaza. Nikamaliza. Kisha bisibisi ikaendelea. Alipotoka aliomba kitambaa, akafuta mikono kidole kimoja kimoja. Akasema nilipokaa mimi angeogopa pia, lakini angependa kama ningeogopa kwa sauti. Hakupaza sauti yake. Bora angepaza.

Nikamtolea bahasha nikamwambia chukua, ni yako. Akatazama jina juu, akasema hii ina mwenyewe, na si yeye. Nikamuuliza, baada ya miaka minne, humo ndani hakuna cha kubadilisha? Akafikiri kweli, hakujibu haraka kama wale wa kwenye runinga. Akasema tarehe labda. Nikamuuliza kama ameoa. Akacheka kidogo, akasema nani atakubali kulala na harufu ya mafuta ya mashine. Uso wake wakati huo sikukwepa, niliutazama, lakini sikuandikii nilichoona. Nimeshakosea mara nyingi.

Bahasha yake iko ndani ya hii. Gundi ni ile ile, ishike uone. Ajabu ni hii, mwanangu: kwa kufukuzana na maandishi ya chini mwaka mzima, sasa nasoma. Mstari unapita nami nimeshaumaliza. Kwa hiyo barua yake ningeweza kuisoma yote, na mara mbili niliishika juu ya mvuke wa birika. Nikairudisha. Nimeiba vya kutosha.

Sikuambii urudi. Sikuambii usisaini. Kama huko kuna raha yako, saini, na mimi nitakushonea makoti kumi na moja yenye bitana. Ila usisaini kwa neno langu la uongo. Na kama ukitaka kunyamaza mwezi, mwaka, nitakuelewa. Runinga ipo, nitakaa nayo. Nisamehe ukiweza. Usipoweza, vaa sweta hata hivyo.

Mama Pacha anakusalimu. Nimemweleza yote jana. Akasema kumbe ule wali aliouombea usiive ameula mwenyewe mara ngapi kwangu. Kisha akachemsha chai. Pacha wamepona, mmoja amebaki na kovu puani, sasa angalau nawatofautisha. Cherehani haikosi hata mshono mmoja. Skrubu ya chini nimeiacha alivyoikaza.

Koti la njano imebaki sehemu moja. Mama Pacha ananililia tuitazame, anataka kujua yule mama amesema ukweli au amekufa nao, na binti amefanyaje. Nimekataa. Nimemwambia mpaka niifikishe hii posta kwa mkono wangu, niione inagongwa muhuri. Nikiona mapema kwamba binti amesamehe nitabweteka, na nikiona hakusamehe nitairudisha koponi.

Nafunga sasa, nivae viatu kabla hawajafunga dirisha la posta. Namba mpya ya Mafuta iko nyuma ya bahasha yake, nimeihakiki mara tatu.

Wako anayekupenda kwa woga mwingi,

Mama yako