Kiatu Nimekiacha kwa Daktari wa Midomo

Shoga, usicheke kwanza.

Leo nimeenda kwa yule daktari wa kujaza midomo. Nikamwambia, "Kidogo tu, hata mume wangu asigundue." Akasema itavimba siku mbili, halafu itatulia. Akanipaka dawa ya ganzi.

Alipotoa sindano nikatoka mbio. MBIO! Kiatu kimoja kimebaki kule.

Nimefika nyumbani mdomo wa chini unaning'inia kama si wangu. Baba watoto ananipa chai, ananitazama weee, mara: "Mke wangu, mbona leo midomo imependeza hivi?"

Sindano haijanigusa, shoga. HAIJANIGUSA!

Nikatabasamu kwa maringo, chai yote ikanimwagikia kifuani.

Kesho nafuata kiatu changu. Na ile dawa ya ganzi nitaiomba.