Majagi Saba ya Mwanaidi

Mpwa wangu Mwanaidi,

Anayekuandikia ni mjomba wako, mtu ambaye kutoka Tongoni hadi Moa jina lake likitajwa hata jogoo hunyamaza asikilize. Magari ya serikali yakifika mlangoni pangu hupunguza mwendo. Nasema haya usije ukadhani, huko Ushongo uliko, kwamba mwenye akili ya biashara katika ukoo huu ni wewe peke yako.

Unakumbuka ulivyoanza na mtindi wako? Ng'ombe huna, friji huna. Ukapita nyumba hadi nyumba ukiuliza nani atakunywa, na kila aliyeitikia ukamwambia, "Basi niachie jagi lako." Nikacheka mpaka nikashika mbavu. "We mtoto, unakusanya vyombo, kwani kuna shughuli?" Ukanijibu, "Mjomba, mtu hukubali kwa heshima. Jagi lake haachi kwa heshima."

Walioitikia ishirini, majagi yakaja saba. Ukanunua maziwa ya majagi saba, basi.

Mimi siku zile nataka kujenga tanuri la mikate ya mofa, ile ya mtama. Niliuliza watu, tena wengi kuliko wako. Wote, "Inshallah mzee, tutanunua!" Nikajenga tanuri ambalo ngamia angeingia akageuka humo humo. Wanunuzi wakaja wanne. Tulikula mofa wiki nzima, mpaka mbuzi wa jirani wakasusa.

Leo naambiwa nyumba za wageni huko hazinywi chai kabla mtindi wako haujafika. Watu wananipa mkono, "Mpwa wako, mashallah!" Natabasamu, kisha nageuza mazungumzo. Ni wivu, mwanangu. Nausema kwa kuwa karatasi haina macho. Nilikubeba mgongoni ulipougua surua, nikikuita mzigo wangu. Sasa nikikaa barazani wananiuliza habari zako, zangu hakuna anayezitaka.

Tena mkaza mjomba wako kanipa muda: Ramadhani ikiandama, tanuri liwe linawaka au livunjwe, aanike nguo zake pale. "Wanaolitumia ni kuku tu," kasema. Basi jana nikajaribu njia yako. Nimepita nyumba kumi na tano. "Ijumaa naoka mofa. Anayetaka aniachie sahani." Kila nyumba, "Inshallah mzee, karibu chai." Chai nimekunywa mpaka tumbo likalia, sahani hakuna aliyeinuka kuileta.

Njoo siku mbili tu, uwaulize wewe. Huenda mimi wanaona haya kunikatalia. Usiseme nimekuita, sema umekuja kutusalimu.

Na nisikufiche. Barazani nimewatangazia kwamba sahani moja nimepata. Ninayo kweli, ila niliitoa kabatini kwetu, na mwenyewe anaitafuta tangu asubuhi.

Mjomba wako,
Tongoni