Klachi ya Mkono

Kaka yangu,

Huku hatujambo, ila mjomba amenuna. Nimeikataa injini ya teksi yake na kulifungia gari letu la mbio injini ya pikipiki. Anasema litalia kama cherehani. Mwache aseme. Gari lenyewe jepesi, watu wanne wanalinyanyua, na pikipiki klachi yake ni ya mkono. Gia zake za mguuni nazo nimezihamishia mkononi.

Tangu ukatwe mguu wa kushoto hujaliulizia, nami sikutaka kukutonesha.

Jana nililiendesha kuzunguka mtaa mzima, mguu wangu wa kushoto nimeukalia. Niliposhuka ulikuwa umekufa ganzi, nikachechemea mpaka mlangoni nikicheka. Sikuuhitaji popote.

Njoo uliendeshe. Likizimika, mjomba atasukuma.

Dada yako mbishi