Kuku wa Mama Mukwe Wamelewa

Jumatatu, tarehe 8
Asubuhi nimewamwagia kuku ukoko wa wali, mbegu za papai na mabaki ya sombe, yale majani ya muhogo. Wamenikimbilia kama mimi ni gavana. Situpi-tupi chakula ovyo, mimi. Nimeishi Salamabila, nimefika mpaka Bukavu, nimesoma sekondari mpaka mwaka wa pili. Kasongo yote haina kuku wanene kama wangu. Mweupe anawashinda wote. Huyo nitamchinjia mama mukwe, anakuja Alhamisi kutoka Kabambare kumuona mutoto wetu. Tangu nimuoe Aziza hajala kwangu hata kijiko kimoja. Kila mara, "Nimeshiba, mwanangu." Mutu gani anashiba juu ya pikipiki siku nzima? Inaniuma. Safari hii atakula.

Jumanne, tarehe 9
Nimetaka kuwanenepesha zaidi. Jirani yetu Mama Furaha anapika lutuku, ile pombe kali, na machicha ya mahindi anayatupa. Nimeomba beseni zima. Mahindi ni mahindi.
Mchana mweupe alitembea kama mchimba dhahabu aliyelipwa. Akataka kuruka, akaangukia ndani ya sufuria, akalala miguu juu. Nikakimbilia kisu, asije akawa mzoga. Aziza akapiga kelele: "Acha, Baba Saidi! Haifi hii! Imelewa tu, nusa mudomo!"
Nimenusa. Kweli. Nimecheka mpaka nikakaa chini. Aziza hakucheka.

Jumatano, tarehe 10
Mzee Ramazani, anayetuchinjia mutaa mzima, amekuja kuangalia. "Waliokula pombe hawachinjwi leo. Wafungie siku tatu, wape nafaka safi tu, tumbo lisafike."
Siku tatu! Mama mukwe analala hapa usiku mmoja tu. Na kuku wote wamekula. Wa sokoni hafai, mukwe anapokewa na kuku wa uani kwako. Nimewafungia bandani na mpunga na maji. Wananitazama kama mimi ndiye niliyewatia jela. Ni mimi kweli. Naogopa.

Alhamisi, tarehe 11
Mama mukwe amefika, vumbi mpaka kwenye nyusi. Nimewaza: nichinje, ninyamaze, nani atajua? Kuongopa najua vizuri sana. Lakini chakula chake cha kwanza kwangu kiwe uongo? Nimeshindwa. Nikamwambia yote. Aziza akatazama chini.
"Wote wamelewa?"
"Wote, mama."
"Na jogoo?"
"Huyo ndiye aliyeimba sana."
Akaanza kucheka, akacheka mpaka kitambaa cha kichwa kikaanguka. Kisha akamwita mwenye pikipiki aliyemleta: "Wewe rudi, baba. Mimi nangoja hawa walevi waamke."

Ijumaa, tarehe 12
Amewalisha mwenyewe, mutoto mgongoni. Mpunga anauosha kwanza! Mpunga wa kuku! "Kuleni, watu wa baa," anawaambia. Nilikuwa na mizaha kumi ya kusema. Nimeimeza yote. Aziza anaimba jikoni.

Jumamosi, tarehe 13
Mzee Ramazani amechinja mweupe. Aziza amempika na mawese. Mama mukwe amekaa jikoni na binti yake, amekula wali na paja, polepole. Akaongeza mchuzi. Sasa amelala kwenye mkeka, mutoto ubavuni. Mvua imeanza, ndogo tu. Nimesogeza viatu vyake visilowe.