Mpolandi na Ng'ombe wa Mahari

Kaka Wekesa, nakusalimu kutoka Beltsville, huku Marekani, kwenye baridi ya kukata masikio.

Nimekutana na yule Mpolandi anayetaka kumuoa binti yako. Nilikuja nimejiandaa kumkataa. Tukila ugali na sukuma, nikamwambia wazi wazi: "Kwetu hakuna harusi bila ng'ombe."

Hakushtuka. Akasema kwao ng'ombe huitwa "bydło", neno ambalo zamani lilimaanisha makao, halafu mali ya nyumbani, ndipo likawa ng'ombe. Ingawa siku hizi ukimwita mtu hivyo, mtapigana.

"Kwa hivyo shangazi, bila ng'ombe sina nyumba," akamalizia, akimega tonge lingine.

Mimi nimeshindwa. Mkumbatie Mama kwa niaba yangu, kisha urekebishe lile zizi.

Dada yako, Nasimiyu